Kiendeshi Kipi? Istilahi za Kutafuta Hitilafu katika Kadi za Michoro Kuukuu

Utangulizi

Istilahi hupimwa mahali pa kazi. Orodha ya maneno yaweza kujadiliwa na kamati, ikachapishwa na kusambazwa, lakini thamani yake hujulikana siku ile mwalimu, karani au fundi anapoisoma huku mkono mmoja umeshika bisibisi. Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja ndogo, yaani kutafuta hitilafu katika kadi ya michoro ya zamani inayotakiwa kuonyesha michezo ya kale ya mashine kwa kutumia mfumo wa Linux, na papo hapo kuzichunguza istilahi ambazo kazi hiyo inazihitaji. Msomaji asiudharau mfano huu kwa kuwa unahusu michezo. Hatua zake ni zile zile zinazofuatwa kompyuta ya ofisi ya kata inapokataa kuonyesha picha, na neno linalopotosha huku hupotosha na kule.

Kisa cha Ikuti

Kata ya Ikuti imo katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, katika nchi ya migomba, chai na viazi. Tukuyu, makao makuu ya wilaya hiyo, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ni adui wa vifaa vya umeme. Huko Ikuti nilipata kuona chumba chenye kompyuta chache za mtumba. Walimu walikuwa wameziwekea Linux kwa sababu mbili: mfumo huo haulipiwi ada ya leseni, tena hukubali kufanya kazi katika mashine zenye umri mkubwa. Jioni moja ilikusudiwa kuwaonyesha vijana michezo ya mwanzo ya kompyuta, ili waone jinsi wahandisi wa zamani walivyofanya mengi kwa kumbukumbu ndogo. Mashine iliwashwa, feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi.

Mwalimu wa zamu alikuwa na mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili. Mwongozo uliagiza kwamba skrini ikiwa nyeusi, kiendeshi cha zamani kiondolewe na kipya kiwekwe. Mwalimu alitii. Katika somo alilofundishwa yeye, kiendeshi kilikuwa kile kisanduku cha chuma kinachohifadhi mafaili. Akafungua mashine, akaitoa diski kuu, akaweka nyingine. Skrini haikubadilika. Ile diski iliyotolewa, maadamu imekwisha kuhesabiwa kuwa mbovu, ilifutwa kesho yake ili itumike kwingine, na alama za mitihani za muhula mzima zikafutika pamoja nayo. Ikabidi zikusanywe upya, daftari kwa daftari.

Mfasiri wa mwongozo ule hakuwa mjinga, wala mwalimu hakuwa mzembe. Kila mmoja alilitumia neno kwa maana aliyoijua. Mfasiri alikusudia programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Mwalimu akaelewa chombo cha kuhifadhia. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi tunaoshughulika na maneno.

Maneno haya yalikotoka

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilianza kutoka mwaka 1974. Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1974 ndipo Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo, wakati istilahi za utawala, sheria na elimu zilipokuwa zikitengenezwa kwa bidii, kompyuta zilikuwa chache mno, na hapakuwa na watumiaji wengi wa kuyajaribu maneno yake. Marufuku hayo yalipolegezwa, vifaa viliingia kwa wingi, na maneno yakaingia navyo kwa milango mingi.

Mlango mmoja ulikuwa wa wataalamu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulijitwika kazi ya kuzifasiri programu huria, na mwishoni mwa mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mlango wa pili ulikuwa wa makampuni makubwa ya ng'ambo yaliyofasiri bidhaa zao. Mlango wa tatu ulikuwa Kenya, ambako maneno kama tarakilishi na ngamizi yalipata wafuasi, ijapokuwa huku kwetu kompyuta ndilo lililoshinda. Mlango wa nne, ambao aghalabu husahauliwa, ni wa mafundi. Hao hawakungoja kamati. Walisema mashine imeganda, wakasema kadi haisomi, na kila mtu akawaelewa.

Mwigo na maigizo

Kabla ya kutafuta hitilafu ni lazima kujua kinachotakiwa kufanyika. Mchezo wa Pong wa kampuni ya Atari ulitoka mwaka 1972, Space Invaders wa Taito mwaka 1978, na Pac-Man wa Namco mwaka 1980. Kila mmoja ulikaa katika kabati lake lenye skrini, vitufe na tundu la sarafu, na ndani ya kabati mlikuwa na bodi iliyoundwa kwa ajili yake. Bodi ya Pac-Man ilikuwa na prosesa ya aina ya Z80 iendayo kwa kasi ya megahezi 3 hivi, na picha yake ilikuwa na nukta 224 kwa 288 tu.

Makabati hayo yanazidi kuoza. Mwaka 1997 Mwitalia Nicola Salmoria alianzisha programu iitwayo MAME, ambayo tangu mwaka 2016 hutolewa kwa leseni huria. Programu hiyo husoma yaliyomo katika chipu za bodi ya zamani, kisha huifanya kompyuta ya leo itende kama bodi ile: prosesa yake, sauti yake na picha yake. Mchezo wenyewe hudhani kwamba ungali katika kabati.

Kitendo hicho tukiiteje? Wengine wameandika kuigiza. Kuigiza kumekwisha kuwa na kazi katika fasihi: mwigizaji hujifanya mfalme, lakini hatozi kodi. Programu hii haijifanyi tu. Hutimiza kazi ya kile inachokiiga, hata programu za bodi ile huendeshwa humo bila kubadilishwa. Kwa hiyo kitenzi kinachofaa ni kuiga, tendo lenyewe ni mwigo, na programu itendayo ni kiigaji. Neno emuleta linasikika miongoni mwa vijana, nalo halina madhara, ila halimfunulii maana mtu asiyelijua. Kiigaji hujieleza.

Jina la kabati lataka hadhari zaidi. Kuna walioandika mashine ya michezo ya sarafu. Mtumishi wa halmashauri akisoma hivyo aweza kufikiri ni zile mashine za kamari zinazosimamiwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, akamnyima mtu kibali au akampa asiyestahili. Katika kabati la Pac-Man mchezaji hununua muda wa kucheza, na hashindi fedha. Afadhali liitwe kabati la michezo ya ustadi, ili bahati na ustadi visichanganywe katika maandishi ya serikali.

Kadi na kazi yake

Kadi ya michoro ni bodi ndogo inayochomekwa katika bodi kuu, ile waiitayo mafundi mazabodi, na kazi yake ni kuchora picha na kuipeleka katika skrini. Yapo majina mengine: kadi ya picha na kadi ya grafiki. Yote matatu yanaeleweka. Ninachagua kadi ya michoro kwa kuwa kuchora ndilo tendo lifanyikalo. Jina linalostahili kukataliwa ni kadi ya michezo. Jina hilo humfanya mtu aamini kwamba mchezo hukaa ndani ya kadi, na kwamba mchezo ukienda polepole dawa ni kununua kadi kubwa.

Ukweli ni kinyume chake. Katika michezo ya kale kazi ya mwigo hufanywa karibu yote na prosesa kuu. Kadi hupokea picha iliyokwisha kutengenezwa, ikaikuza na kuionyesha. Kadi ya miaka 15 au zaidi huitosha kazi hiyo. Tena wako wapenzi wanaozitafuta kadi kuukuu makusudi, kwa sababu skrini za makabati zilichorwa kwa mistari ipatayo kilohezi 15.7, hali skrini za kompyuta zilianzia kilohezi 31.5, na kadi nyingi za kisasa hazina tena tundu la mawimbi ya analojia linalohitajika kuzihudumia skrini hizo za kale. Lakini mwiga tembo hupasuka msamba: michezo ya miaka ya baadaye yenye michoro ya pande tatu huielemea prosesa ndogo, na hapo kubadilisha kadi hakusaidii sana.

Hatua za kutafuta hitilafu

Kanuni ya kwanza ni kuanza na mwili, kisha programu. Mashine izimwe na kuchomolewa kwenye umeme. Kadi itolewe, vumbi lipulizwe, na miguu yake ya shaba ifutwe kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Mahali penye unyevu kama Rungwe, kutu nyepesi katika miguu hiyo yatosha kuizima picha. Kadi irudishwe hadi ikae barabara, waya wake wa umeme, kama unao, uchomekwe, na waya wa skrini uingizwe katika tundu la kadi wala si katika tundu la bodi kuu.

Hatua ya pili ni kuuliza kama kompyuta inaisoma kadi. Nalitumia neno la mafundi kwa makusudi. Kusoma, kwa maana ya kukitambua kifaa kilichochomekwa, ni istilahi iliyozaliwa mitaani, nayo ni fupi, ya Kiswahili, na haina mshindani. Ikiwa mashine haifiki hata mahali pa kupokea maagizo, katika orodha ya kuwashia iongezwe amri "nomodeset" mwishoni mwa mstari wa Linux. Amri hiyo hukiambia kiini cha mfumo kisiichezee kadi, bali kitumie picha sahili. Hiyo ni fimbo ya kuvukia mto. Haifai kuachwa kuwa mguu, kwa maana maadamu ipo, kadi haifanyi kazi yake.

Hatua ya tatu ni kuandika "lspci -k". Mfumo utaorodhesha vifaa vyote, na chini ya kadi ya michoro utataja kiendeshi kinachotumika. Ikiwa kadi imo lakini kiendeshi hakikutajwa, basi kadi haijafa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwani mtu huambiwa imeungua naye akaitupa.

Hatua ya nne ni kuandika "glxinfo -B" na kutazama jina la mchoraji. Likionekana neno "llvmpipe", maana yake prosesa ndiyo inayochora badala ya kadi. Picha itaonekana, lakini prosesa iliyopaswa kushughulikia mwigo itakuwa imebebeshwa mizigo miwili, na mchezo utakwenda kwa kwikwi.

Hatua ya tano ni kutafuta sababu. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kukosekana kwa programu ndogo ambayo kadi yenyewe huihitaji wakati wa kuwashwa. Amri "dmesg" huonyesha malalamiko ya namna hiyo. Debian, moja ya jamii kubwa za Linux, ilianza kuziweka programu hizo katika diski yake rasmi ya usakinishaji kwa toleo la 12 la mwaka 2023. Matoleo ya nyuma yalimtaka mtumiaji azitafute mwenyewe. Ya pili ni kiendeshi kilichopitwa na wakati. Kampuni ya NVIDIA, kwa mfano, iliacha kuvitunza viendeshi vya mfululizo wa 340, vinavyohudumia kadi kama GeForce 8 na 9, baada ya toleo la mwisho la mwaka 2019, na ule wa 390 ukaishia mwaka 2022. Kiini cha mfumo huendelea kubadilika kila mara. Kiendeshi kisichotunzwa hubaki nyuma hata vikashindwa kuelewana. Dawa ni kukiondoa na kukiachia nafasi kiendeshi huria kiitwacho nouveau, au kubaki na kiini cha zamani katika mashine isiyounganishwa na mtandao. Kadi za Radeon za umri huo hutumia kiendeshi huria kiitwacho radeon, ambacho huja pamoja na kiini.

Hatua ya sita ni kukipima kiigaji chenyewe. Tumia mchezo uliotolewa kihalali: wenye haki za Robby Roto, mchezo wa mwaka 1981, wameruhusu ugawiwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, hali michezo mingi ingali chini ya hakimiliki. Andika "mame robby -video soft", kisha urudie ukiweka "opengl" mahali pa "soft". Picha ikitokea katika jaribio la kwanza na kukosekana katika la pili, hitilafu imo katika kiendeshi. Ikiwa njia zote mbili ni polepole, prosesa ndiyo haba.

Tufanye nini na kiendeshi?

Turudi kwenye neno lililoleta hasara. Kutokana na kitenzi endesha tumepata mwendeshaji, uendeshaji, mfumo endeshi, kiendeshi na kiendeshaji. Kuna wanaopendekeza kiendeshi kiwe chombo cha diski, na kiendeshaji kiwe programu. Kisarufi pendekezo hilo halina kasoro: kipokezi na kichapishi ni vyombo kwa umbo lile lile. Lakini maneno mawili yanayotofautiana kwa silabi moja, yakitumiwa katika sanduku moja, kwa maagizo ya kuondoa na kuweka, ni mtego. Msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa au Kisukuma, aliyejifunza kompyuta kwa wiki mbili, hatakumbuka lipi ni lipi. Wala tusimlaumu.

Ninapendekeza njia nyingine. Chombo cha kuhifadhia tayari kina jina linalojulikana hadi vijijini, nalo ni diski. Kiitwe hivyo, tusikiongezee jina la pili. Neno kiendeshi liachiwe programu peke yake, na kamwe lisiandikwe bila kutaja kifaa chake: kiendeshi cha kadi ya michoro, kiendeshi cha kichapishi. Aidha kitenzi kisaidie kuitambua maana. Diski hutolewa na kuchomekwa. Kiendeshi hufutwa na kusakinishwa. Laiti mwongozo wa Ikuti ungaliandika futa kiendeshi cha kadi ya michoro na usakinishe kingine, mwalimu asingalishika bisibisi.

Mafundi husema draiva. Tusiwacheke. Neno dereva lilituingilia zamani kutoka asili ile ile, na sitiari yake yafaa: kadi ni gari, na dereva ndiye azijuaye gia zake. Draiva libaki katika mazungumzo, kiendeshi katika maandishi.

Orodha ya istilahi

Diski: chombo cha kudumu cha kuhifadhia mafaili.
Idadi ya nukta: wingi wa nukta za picha, kwa upana na kwa kimo. Isiandikwe azimio la skrini, kama baadhi ya wafasiri wanavyofanya. Azimio ni uamuzi wa mkutano, na skrini haina mkutano.
Kiendeshi: programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa fulani, kifaa hicho kitajwe daima.
Kiigaji: programu inayoifanya kompyuta itende kama mashine nyingine.
Kiini cha mfumo: sehemu ya mfumo inayogawa kazi kwa vifaa vyote, pia kerneli.
Kuganda: mashine kuacha kuitikia bila kuzimika.
Kusoma: kompyuta kukitambua kifaa kilichochomekwa.
Kwikwi: mwendo wa picha unaokatika na kurudi. Mara nyingi hutokea skrini inapochorwa mara 60 kwa sekunde ilhali mchezo, kama R-Type, ulitengenezwa kwa mara 55.
Mpasuko wa picha: nusu ya juu na nusu ya chini ya picha kutofautiana kwa wakati.
Mwigo: kazi ya kiigaji.

Amri kama "lspci" na "dmesg" hazifasiriwi, kwa kuwa kompyuta hupokea herufi zile zile tu. Mfasiri aziandike kama zilivyo na kueleza kwa Kiswahili zinafanya nini.

Hitimisho

Kadi ya Ikuti ilikuwa nzima. Amri ya "lspci -k" ilipoandikwa, ilionekana kwamba kadi inasomwa lakini haina kiendeshi. Kile cha zamani kilikuwa kimeshindwa kupatana na kiini kipya. Kilifutwa, kiendeshi huria kikashika nafasi, na vijana wakauona mchezo wa mwaka 1981 ukicheza bila kwikwi. Kazi yote ilichukua kama saa moja. Kuzirudisha alama zilizofutwa kulichukua zaidi ya wiki mbili.

Walimu, wafasiri na watumishi wanaopitisha miongozo ya namna hii wanaombwa jambo moja kabla ya kuitia sahihi. Mpeni mwongozo mtu asiyewahi kuiona kazi ile, mkae kando, mtazame mkono wake unakwenda wapi. Ukielekea kwenye diski badala ya kibodi, neno libadilishwe kabla halijachapishwa.